Gari Lililopiga Magoti Sachangwan

Nikiulizwa kama waranti ya nyongeza ina faida kwa mwenye gari la kifahari, huwa najibu ndiyo kabla swali halijaisha. Anayeuliza huwa ameshajijibu, ananitafuta tu ili nithibitishe kuwa mimi ni mjinga. Hapa Nakuru kila mwanamume aliyewahi kubadilisha gurudumu anajiona fundi, na kila fundi anajiona mshauri wa mambo ya pesa. Nimewasikiliza wote. Wote hawana gari kama langu, na wote walioa kwa shida kuliko mimi.

Nianze na sifa zangu, kwa sababu hakuna mwingine atakayezisema vizuri. Nilitoka Subukia nikiwa na sanduku la kuazima. Sikuwa na mjomba mbunge wala baba mwenye shamba la kuuza. Nilienda nchi za Ghuba nikawa napandisha mitambo ya hewa baridi juu ya mapaa ambako hata njiwa hawatui mchana. Jioni nilisoma. Nikapata diploma ya majokofu na hewa baridi, ambayo sasa imetundikwa ofisini kwangu juu kidogo ya kiti changu, ili mteja akiniangalia usoni aione pia. Nilirudi nyumbani, nikaanza kutengeneza mitungi mikubwa ya kupozea maziwa ya vyama vya wakulima, na majokofu ya wenye bucha. Ukinywa maziwa yasiyochacha popote kati ya Naivasha na Molo, kuna uwezekano kwamba unapaswa kunishukuru.

Nilipoona nimefika, nikanunua gari. La Kijerumani, jeusi, refu, viti vya ngozi, na badala ya springi za chuma lina mifuko ya hewa inayoliinua na kulishusha polepole kama bibi arusi anayekaa kitini. Halikuwa jipya, lakini hata mtumba wa gari kama hilo ni mtumba wa kifalme. Msichana wa mauzo aliponiuliza kama nataka waranti ya nyongeza, yaani kampuni iendelee kugharamia matengenezo baada ya ile dhamana ya kwanza kwisha, nilimwambia anieleze masharti yote. Wateja wengine hutia sahihi wakiangalia simu. Mimi niliomba chai nikasikiliza.

Masharti matatu niliyashika kichwani. La kwanza, gari likiharibika asiguse mtu mwingine, hata kwa wema. La pili, safari haikatizwi: ukikwama njiani wanatuma lori, linakubeba wewe na gari mpaka ulikokuwa unakwenda, halafu ndipo gari linapelekwa karakana. Sharti hilo lilikuwa la wanaolipa zaidi, na mimi ni mtu wa kulipa zaidi. La tatu, waranti inakufa siku gari linapobadilisha mwenyewe.

Pale ninapooshea gari, karibu na reli, walinicheka mpaka maji yakamwagika.

"Boss, kwa hivyo umelipa kuugua kabla uugue?"

"Kama bima ya hospitali," nikamwambia fundi mmoja aliyependa kukaa pale bila kazi.

"Na hospitali wewe huwa unaenda?"

"Siendi. Niko na afya."

"Basi na pesa ilienda."

Mama yangu hakucheka. Yeye alipiga hesabu kwa njia ya Subukia: kwa bei ya ile karatasi angepata ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, mwenye ndama. "Na ng'ombe akilala chini," akasema, "utamla. Karatasi utafanyia nini?"

Sasa nije kwa mwanamke. Alikuwa, na bado ni, mwalimu wa kemia katika shule moja ya upili upande wa Njoro. Nilienda kukarabati chumba baridi cha jikoni mwao, nikamkuta msimamizi wa stoo hayupo na yeye ndiye ameshika funguo. Nikamweleza kwa kina namna joto linavyotolewa chumbani. Aliposikiliza vya kutosha akasema, "Umeongea juu ya baridi mpaka nyama imeanza kunuka." Nikajua nimepata.

Shida ilikuwa baba yake. Mzee ana majani chai na ng'ombe kwenye mteremko mmoja huko Olenguruone, na alikuwa na neno moja kuhusu sisi tuliorudi kutoka nje: kelele. Kabla yangu alikuja mwingine, wa Amerika, mwenye suti. Wazee waliitwa saa sita. Jamaa akafika alasiri akieleza habari za barabara. Mzee akampa chai, akamsindikiza mpaka langoni, akafunga lango. Hiyo ndiyo ilikuwa posa yake yote.

"Baba hasamehei saa," mwalimu wangu aliniambia. "Ukichelewa nitalia wiki moja. Halafu nitarudi kusahihisha mitihani."

Kwa hiyo siku ya kwenda kuposa nilijua kinachowaniwa: saa sita, mbele ya wazee, au lango. Watu wa ukoo wangu na wa ukoo wake hawazungumzi lugha moja nyumbani, kwa hivyo kila kitu kingesemwa kwa Kiswahili, na mjomba wangu ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji kwa sababu aliwahi kuwa karani wa mnada na anajua kusema polepole kitu anachotaka haraka. Wajumbe wengine walitangulia asubuhi kwa gari la kukodi, wakapitia Njoro. Mimi nilibeba mama, shangazi na mjomba, nikashika barabara kuu. Njia ya Njoro ingenifaa vilevile, lakini mlima wa Sachangwan una malori mazito yanayopanda yakikohoa, na gari kama langu likiyapita wenye malori hugeuza vichwa. Sioni kwa nini mtu anunue gari la namna hiyo halafu apite mahali pasipo na watu.

Mama alikuwa amelifunga tepe nyekundu kwenye milango na mbele, kama gari la harusi. Nilimwambia hii ni posa, harusi bado. Akasema tepe alishanunua.

Katikati ya mlima taa ya chungwa ikawaka kwenye dashibodi. Kisha nikasikia sauti, sssss, kama mtu anayenyamazisha watoto kanisani. Nyuma ya gari ikashuka. Nilipofika pembeni mwa barabara mbele nako kukashuka, na gari langu la kifalme likalala kwa tumbo kwenye changarawe, matairi yamezama ndani ya mabawa yake.

"Limechoka?" mama akauliza.

Malori niliyokuwa nimeyapita yakaanza kunipita. Yalipita polepole sana, kwa hiyo madereva walipata nafasi ya kutoa maoni.

"Boss, hiyo gari inasali?"

"Muwache amalize, ataamka!"

Shangazi, ambaye hapendi familia kuaibika, alivua leso yake ya begani akaitandaza juu ya boneti na kuifunga ncha zake kwenye tepe za mama. Alisema watu wanaliangalia vibaya. Kutoka kwenye vibanda vya viazi akaja fundi na spana mkononi, mtu mchangamfu, akachungulia chini.

"Hii ni kitu ndogo, mkubwa. Natoa hizo mabelo za hewa, naweka springi ya pikapu. Ukifika huko juu hata hawatajua."

"Usiguse."

"Sigusi kitu. Nashika tu."

"Usishike."

Mama akashuka. Mama yangu akishuka garini ujue mambo yamekuwa makubwa. "Mwanangu atakosa bibi kwa sababu ya karatasi! Mwache mtu wa watu afanye kazi! Wewe kijana, ingia chini!"

"Mama, akiingia chini waranti imekwisha."

"Na saa sita ikifika wewe ndio umekwisha!"

Nikapiga simu. Mwanamke wa upande wa pili akaniuliza kwa sauti ya upole kama niko salama. Nikamwambia mimi niko salama, ni ndoa yangu iliyo hatarini, na kwamba safari yangu haijaisha bali inaishia Olenguruone. Akaniambia lori lao liko Nakuru na linatoka. Fundi wa viazi akakaa juu ya jiwe kungoja lori lisije, ili arudi kwenye hoja yake. Lori lilikuja kabla hajamaliza kuchokonoa meno. Lilikuwa lori la kubebea magari, refu, safi, la manjano, na dereva wake alikuwa mtu asiyependa maneno. Alilivuta gari juu likiwa bado limelala kwa tumbo, akalifunga minyororo. Mama na shangazi wakaingia mbele pamoja naye. Nafasi ikaisha.

"Na sisi?" mjomba akauliza.

Dereva akatazama barabara upande huu na upande ule. "Mimi sijaona mtu akiingia kwa hiyo gari," akasema, akapanda akawasha injini.

Tukapanda. Hivyo ndivyo nilivyopita Molo na Keringet, nimekaa kwenye kiti changu cha ngozi, juu kuliko paa za maduka, mikono kwenye usukani usiofanya kazi. Watu walitupungia mkono. Mjomba naye akawapungia, taratibu, kama anayerudi kutoka kuapishwa.

"Mjomba, shusha mkono."

"Wananisalimia mimi. Wewe ni dereva."

Simu ikapata mtandao karibu na Keringet, naye akawapigia wajumbe wetu waliokuwa wameshafika. Nilimsikia kwa masikio yangu, na hakusema uongo hata kidogo. Alisema, "Ambia wazee tumekaribia. Gari tunaileta. Iko juu ya lori."

Hapa lazima nieleze habari ya tangi. Jirani wa mzee, mtu waliyeshindana tangu utoto kwa ng'ombe, kwa majani chai na kwa watoto wa kusoma, alikuwa ameoza binti muda mfupi kabla. Mkwe wake alimletea tangi kubwa la maji, jipya, jeusi, limefungwa tepe, juu ya lori. Kule, kitu kikija kwa lori siku ya posa hakuna anayeuliza kimeletewa nani. Tangu siku hiyo jirani alikuwa akiwakaribisha watu wote wa ule mteremko waje wanywe maji. Maji matupu. Na mzee alikuwa ameenda, akanywa, akashukuru, na kurudi nyumbani akiwa na kiu.

Sasa fikiria alichokiona. Lori refu kuliko lile la tangi likipanda kwa mngurumo, kabla ya saa sita, na juu yake gari jeusi linalong'aa, lenye tepe nyekundu na leso.

Kwa kawaida wanawake huzuia wageni langoni kwa nyimbo na utani mpaka watoe kitu. Siku hiyo lango lilifunguliwa mpaka mwisho, na aliyelifungua ni mzee mwenyewe, amevaa koti na kofia. Alilizunguka lori mara moja. Halafu akawageukia wazee wenzake.

"Mmeona? Hata imeinama. Hii gari iko na adabu."

Nikafungua mdomo. Mjomba akanikanyaga mguu.

Mzee akaletewa kibuyu cha maziwa lala, akanywa funda moja, akalipuliza juu ya pua ya gari kulibariki. Matone meupe yakaingia kwenye matundu yote ya mbele, yale ambayo mwosha gari wangu huyasafisha kwa brashi ya meno. Wanawake wakapiga vigelegele, wakapanda na kuvisha kioo cha pembeni shada la ule mmea wa kutambaa wanaouvisha shingoni mwa mtu wa heshima. Jirani wa tangi alisimama kando ya ua, mikono nyuma, akiangalia kana kwamba mtu amemkalia kifuani.

"Kijana," mjomba akaninong'oneza, "umetoa gari."

"Sijatoa!"

"Umetoa. Hayo majani hawavishi mgeni wa kupita."

Tukaingia ndani, tukaketishwa. Mwalimu wangu alikuja na sinia ya chai, macho chini, kama inavyotakiwa. Alipofika kwangu akainama zaidi kidogo.

"Limeangukia wapi?"

"Sachangwan."

"Nilijua. Baba anafikiri ni lake."

"Najua."

"Ukimnyima mbele ya yule wa tangi, hutanipata. Ukimpa, utanikumbusha hilo gari mpaka tuzeeke. Sukari?"

"Mbili."

"Fikiria haraka basi. Na usianze na diploma."

Katika mazungumzo ya posa kuna ruhusa ya kwenda kando. Upande mmoja ukishikwa na jambo zito unaomba kutoka, mnasimama nje mnanong'ona, mnarudi. Mjomba akaiomba, lakini kwa namna isiyo ya kawaida: akaomba mzee atoke pamoja nasi. Minong'ono ikapita chumbani. Mzee akavaa kofia yake, tukasimama nyuma ya banda la ng'ombe, watatu tu, na ng'ombe wakitusikiliza.

Nilimweleza wazi. Gari ni gonjwa. Mifuko ya hewa imepasuka ndiyo maana limeinama. Lori si langu, ni la watu wa waranti, na likitoka hapa linalipeleka karakana.

"Kwa hivyo mlikuwa mnaipeleka hospitali," mzee akasema, "mkapitia kwangu."

"Hapana, mzee. Walinileta kwako kwanza. Ndivyo nilivyolipia. Niliponunua gari nililipa zaidi ili likikwama safari isikatike."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Ulilipa kabla ikwame?"

"Kabla, mzee."

"Yule wa Amerika hakulipia kitu kama hiyo."

"Sijui, mzee."

"Hakulipa," akasema kwa uhakika. Akachuna jani kwenye ua, akalikunja. "Na nikiichukua?"

"Ni yako ukisema. Lakini siku jina likibadilika waranti inakufa. Litabaki limepiga magoti hapo uani, na kuliinua kutakula hawa ng'ombe tunaowaona, mmoja baada ya mwingine."

Mzee akachungulia juu ya ua kuelekea kwa jirani yake, aliyekuwa bado amesimama palepale.

"Huyo akisikia nimeletewa mgonjwa," akasema, "ataniletea maji nimnyweshe."

Mjomba akakohoa ili asicheke. Mzee akatupa lile jani.

"Na msichana wangu? Hiyo karatasi yako inasema nini siku yeye atabadilisha jina?"

"Kwake, mzee, waranti ndiyo inaanza siku hiyo."

Nasema bila haya kwamba hilo ndilo jibu bora kuliko yote niliyowahi kutoa, pamoja na yale ya mtihani wa diploma. Mzee hakucheka. Alivua kofia, akaikung'uta ilhali haikuwa na vumbi, akairudisha kichwani. Kisha akatupita, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya lori, akasimama penye watu wengi, na akapandisha sauti ili ifike hadi kwenye tangi.

"Wazee! Hii gari nimeipokea. Mmeona nikiibariki. Lakini mimi niko na miguu, na miguu yangu inajua shamba. Huyu msichana anafundisha mbali. Leo ninamtoa kwangu na gari yake. Lori inaipeleka ikatengenezwe vizuri, halafu aendeshe!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia tena. Wazee walimshika mzee mkono mmoja mmoja. Mama yangu, ambaye hakuelewa kitu, alilia kwa furaha. Mwalimu wangu alikuwa mlangoni na kitambaa mdomoni, na mabega yake yalikuwa yanatikisika; wageni walidhani analia naye. Jirani wa tangi alirudi kwake bila kungoja nyama. Lango lililofunguliwa asubuhi halikufungwa mpaka tulipokubaliana mambo yote, na tuliyakubali kwa urahisi ambao mjomba anausimulia hadi leo kama kazi yake.

Gari lilirekebishwa. Mifuko ya hewa yote ilibadilishwa, na sikutoa hata ya chai. Kule karakana waliniuliza mbele kunanuka nini, nikawaambia baraka. Hiyo nilijioshea mwenyewe, waranti haihusiki na maziwa. Nilipita pale kwa mwosha gari karibu na reli, nikashusha na kuinua gari mara kadhaa mbele ya yule fundi asiye na kazi, bila kusema neno. Alisema lake. Alisema ningeweka springi za pikapu ningesahau hayo yote.

Kwa hiyo nikiulizwa, jibu langu ni hilo. Nunua. Lile sharti wanalolilalamikia watu, kwamba waranti inakufa gari likipata mwenyewe mwingine, ndilo lililoniachia gari. Lile la safari lilinipa mke. Nitajie ng'ombe wa gredi anayefanya hivyo.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakifidiwi. Tukipanda Olenguruone, tukifika Keringet tunabadilishana viti. Mke wangu anashika usukani, mimi ninakaa kushoto, na mkoba wake ninaushikilia miguuni. Lazima iwe hivyo, maana watu wanaangalia. Vijana wa bodaboda wa pale stendi wananijua.

"Shemeji! Mzee alikuokota! Ulioa na gari juu!"

Mimi, mwenye diploma, niliyepanda mapaa ya Ghuba kwa miguu yangu, ninawapungia mkono. Mke wangu anapiga honi.

Juzi waranti ilikaribia kwisha. Kabla sijaenda kuiongeza simu ikalia, alikuwa mzee.

"Umelipia ile kitu ya gari ya msichana wangu?"

"Naenda leo, mzee."

"Nenda mapema," akasema. "Ni gari ya watu hiyo. Isikulalie njiani."